Sato wa Mvuke, Supu Chungu ya Turwa

Kuna wapenzi wanaogombana kwa sababu ya simu inayolia saa sita za usiku. Kuna wanaogombania hela, mawifi, au rimoti siku ya mpira. Sisi kwa muda mrefu tuligombania chakula cha Kichina. Cheka tu, lakini subiri. Kama umewahi kukaa mezani na mtu unayempenda, ukamwekea chakula unachokipenda, naye akaonja, akaweka uma chini na kusema "wewe hujui kula", basi unajua kwamba neno hilo haliishii kwenye sahani. Linakwenda moja kwa moja hadi kwa mama yako, aliyekufundisha kula.

Mume wangu ni Mchaga wa Moshi. Mie ni Mkurya, kwetu ni Turwa, pale pale mjini Tarime. Tunaishi Mwanza. Kabla hatujaoana, mwenzangu alikuwa akifuata mzigo Guangzhou, kama wafanyabiashara wengi wa Kariakoo. Alikaa sana maeneo ya Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi waendao kule wanaujua. Wenzake walirudi na viatu na vipuri vya simu. Yeye alirudi na hivyo vyote, na juu yake ulimi mpya.

Mie napenda Kichina chenye kelele: kuku wa pilipili, tambi za kukaanga, mchuzi mzito unaong'aa, kitunguu swaumu kinachonukia hadi kesho yake ofisini. Yeye anataka samaki mzima wa mvuke, tangawizi, majani ya vitunguu, mchuzi wa soya kidogo, basi. Mie nikila kile chake naona kama nimelazwa hospitali. Yeye akila changu anasema, "Hiki sio cha Kichina." Na hapo ndipo kazi inapoanza.

WACHINA WAWILI KWENYE MENYU MOJA

Ukweli ni kwamba wote wawili tulikuwa na haki, ila tulikuwa tunazungumzia nchi mbili tofauti.

Anachokipenda yeye ni chakula cha Kikantoni, yaani cha Guangdong, mkoa wa kusini mwa China wenye jiji la Guangzhou, lililokuwa likiitwa Canton na Wazungu. Watu wa mkoa huo ndio waliotangulia kwa wingi kuvuka bahari karne ya 19, wakafika San Francisco na kwingineko, hivyo dunia nzima ilipoanza kula "Kichina" mara nyingi ilikuwa inakula mapishi yaliyotoka kwao. Kanuni yao ni moja: kitu kiwe kibichi kweli, kitoke majini au bandani leo leo, na mpishi asikifunike. Kwao viungo vingi ni dalili kwamba kuna kitu kinafichwa. Asubuhi wanakunywa chai huku wakila dim sum, vitafunwa vidogo vinavyoletwa kwenye vikapu vya mianzi vikiwa bado vinatoa moshi. Usiku kuna uji wa mchele uliochemshwa hadi punje zikayeyuka. Wana nyama ya nguruwe ya kuchoma yenye utamu kwa mbali na rangi nyekundu, ambayo mume wangu anaiita "kitimoto iliyokwenda shule".

Kichina changu kilipita njia nyingine, kilipita India. Huko Kolkata kulikuwa na jamii ya Wachina walioishi vizazi kadhaa, wakapika chakula chao kwa walaji wa Kihindi waliotaka pilipili na kitunguu swaumu. Husimuliwa kwamba kuku wa Manchurian alibuniwa Mumbai mwaka 1975 na mpishi Nelson Wang, Mchina mzaliwa wa Kolkata. Mapishi ya namna hiyo yakavuka bahari na kuingia kwenye migahawa ya Wahindi ya Afrika Mashariki. Mwanza ya miaka ya 2000 ilikuwa na Yun Long kando ya ziwa, na ilikuwa na mgahawa ulioitwa Szechuan Mahal. Hebu lisome jina hilo tena polepole. Nusu yake iko China, nusu yake iko India, na sisi tulioketi pale tukila tambi tulikuwa wa Magu, Bunda na Tarime. Hiyo ndiyo ladha ya "kutoka" kwa watu wengi wa rika langu: mshahara wa kwanza, shati jipya, mtu unayemtaka mbele yako, sahani ya kuku wa pilipili katikati.

Kwa hiyo mtu akiniambia kile sio cha Kichina, ananivuruga kumbukumbu zangu. Na mie nikimwambia samaki wake hana ladha, ninamvurugia miaka aliyokaa peke yake ugenini, ambako bakuli la uji wa moto saa nne za usiku ndilo lililokuwa nyumbani kwake.

NJIA YA KWENDA UKWENI

Desemba iliyopita tulipanga kwenda Turwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwetu zaidi ya siku moja. Mahari yalishapita, harusi ilishapita, lakini kila Mkurya anajua kwamba mkwe hajafika mpaka amekula. Kaka yangu alishanipigia simu wiki nzima kabla: "Mchaga wako atakula kichuri, au tumnunulie chipsi?" Aliuliza kwa utani, lakini hakuwa anatania.

Hapo tumbo likaanza kunisokota. Mtu anayesema kuku wangu wa pilipili ni wa kishamba, atasema nini mbele ya bakuli la Baba?

Kama hujawahi kuipita barabara ya Mwanza kwenda Sirari, ipange hata kwa wikiendi moja ndefu. Unatoka na ziwa upande wa kushoto, unapita Magu, unafika Lamadi ambako Serengeti inakaribia kugusa lami, halafu Bunda. Mbele yake kuna njia ya kwenda Butiama, kwa Mwalimu. Mwalimu alikwenda Beijing mwaka 1965, na miaka kumi baadaye reli ya TAZARA ilikuwa imeshalazwa hadi Zambia. Kwa hiyo tukisema Wachina wamekuja juzi, tunawasingizia.

Pale Makutano tukachepuka kuingia Musoma, maana mume wangu aliazimia kuwapikia wakwe zake samaki wa mvuke. "Nitakula chao, nao wale changu," alisema. Nikasema haya, Mungu atusaidie.

Musoma ina historia yake na Wachina. Timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina ilifika Tanzania Bara mwaka 1968, na Musoma ikawa miongoni mwa vituo vyao kwa miaka mingi. Lakini timu hizo zilitoka Shandong, mkoa wa kaskazini. Shandong ni nchi ya ngano: mikate ya mvuke, maandazi ya nyama, tambi, vitunguu vinavyotafunwa vibichi. Ni mbali na Guangzhou kiasi kwamba vyakula vyao havifanani, kama vile ugali wa mtama wa Tarime usivyofanana na wali wa nazi wa Tanga. Kwa hiyo Wachina waliokaa karibu zaidi na Turwa kwa miaka mingi hawakuwa hata Wakantoni. Mume wangu alipolisikia hilo alinyamaza kidogo. Ile "Kichina halisi" aliyokuwa ananitishia nayo ikaanza kupungua ukubwa.

BONDO

Mwigobero, pale wanapouza samaki, tulikuta sato waliotoka majini alfajiri. Tukachagua wawili wenye macho maangavu na mashavu mekundu, tukawaweka kwenye boksi la barafu. Nikiwa nalipa, nikaona mume wangu kasimama mbele ya vitu vyeupe vilivyoanikwa, akivitazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Yalikuwa mabondo. Kwa asiyejua, bondo ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, unaomsaidia kuelea. La sangara ni kubwa na nene. Linatolewa, linasafishwa, linakaushwa, linapangwa kwa ukubwa, linauzwa. Na safari yake inaishia hasa Hong Kong na Guangdong. Kule linalowekwa hadi lilainike, linapikwa supu taratibu kwa masaa, na linaletwa kwenye karamu za harusi na kwa wazazi waliojifungua. Kilo kwa kilo, bondo kavu lina bei ambayo minofu ya huyo huyo sangara haiikaribii.

Sasa fikiria. Sangara mwenyewe ni mgeni, aliingizwa Ziwa Victoria wakati wa mkoloni, kwenye miaka ya 1950. Leo tumbo lake linalisha karamu za Wakantoni. Sisi tulikuwa tunaulizana Mwanza nzima chakula cha Kikantoni kinapatikana wapi, kumbe kingine kinaanzia hapa, kwenye kamba ya kuanikia, mbele ya mama muuza dagaa.

Supu ya bondo niliwahi kuionja. Mume wangu aliipika nyumbani, nikala vijiko viwili. Inateleza, halafu haina ladha yake yenyewe, inakunywa ladha ya supu tu. Nilimwambia ni kama mlenda wa matajiri. Pale Mwigobero akanirudishia maneno yangu: "Na mlenda wewe unaupendea nini?" Nikafikiri. Mlenda tunaupendea kuteleza. Hakuna anayetafuta ladha kwenye mlenda, ladha anaileta mwenyewe kwa chumvi na karanga. Wakantoni nao wana vyakula vingi wanavyovipendea namna vinavyokaa mdomoni tu: kuteleza, kutafunika, kulia kwaa! kwenye meno. Ulimi si wa ladha peke yake.

Tukavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, tukapita Utegi, barabara ikaanza kupanda.

BAKULI LA BABA

Anayesikia "Mara" na kufikiria joto na vumbi, aje Tarime na sweta. Turwa ni kijani: migomba nyuma ya nyumba, mahindi, kahawa kwenye mashamba ya vilima vya jirani, ukungu wa asubuhi, bodaboda zinazopanda mlima zikilalamika. Mpaka wa Kenya uko karibu, hivyo sokoni utasikia bei kwa shilingi mbili, ya kwetu na ya kwao. Ni mji wa watu wanaosema kwa sauti kubwa na kukaribisha kwa sauti kubwa zaidi.

Jioni ile mbuzi alishachinjwa. Kichuri, kwa msiokijua, ni supu ya nyama na utumbo yenye uchungu wa makusudi. Uchungu ule unatokana na majimaji ya tumboni mwa mnyama mwenyewe, yale majani aliyokuwa bado anayasaga, na nyongo kwa kiasi. Kinaliwa na ugali mweusi wa mtama na muhogo. Wazee wetu watakwambia kinasafisha tumbo na kutia nguvu. Mgeni wa mjini huwa anakinusa kwanza, na hapo ndipo wanapomkamata.

Baba akamega ugali, akachovya, akamsogezea mkwewe bakuli. Baba Mdogo akaacha kuzungumza. Kaka akaacha kutafuna. Mie nikawa natazama mkeka.

Mume wangu hakunusa. Akachovya, akala, akatulia. Akachovya tena.

"Shikamooni wazee," akasema kama mtu anayeingia upya nyumbani, wote wakacheka. Kisha akaeleza, kwa heshima, kwamba Guangzhou kuna vibanda vinavyouza chai ya mitishamba nyeusi, chungu kama shubiri, na watu wa mji ule wanaipiga vikombe siku za joto kwa sababu hiyo hiyo ya kusafisha mwili. Akasema kule barabarani wanauza utumbo wa ng'ombe, mapafu, pafu la pili na kila kitu, umechemshwa na figili nyeupe, na vijana wanaula wamesimama na vijiti. Akasema kwao Moshi kuna kisusio, supu ya damu ya mbuzi, ambayo wageni wengi wanaikimbia.

Baba akauliza, "Kwa hiyo Wachina hao wanakula kama sisi?"

"Hao wa kusini, Tata, hawatupi kitu."

"Basi ni watu wenye akili," Baba akasema, akarudi kwenye ugali wake. Kaka akampiga mgongoni: "Kula, mura!"

Nisiwadanganye, hakumaliza bakuli. Alifika nusu akahamia kwenye nyama choma. Usiku aliniambia ule uchungu unakaa kooni kama deni. Lakini hakusema "hawajui kula". Hakusema hata kwa macho, na macho yake nayajua.

ZAMU YA SATO

Kesho yake ikawa zamu yake. Jiko la mkaa, sufuria pana ya Mama, maji vidole viwili, bakuli la bati limegeuzwa chini juu liwe kigoda, sahani ya samaki juu yake. Sato wa kama nusu kilo anahitaji dakika kumi hivi maji yakiwa yanachemka kweli na mfuniko umebana. Ukimzidishia anakauka. Akitoka unamwaga yale maji ya sahani, unatandaza tangawizi na majani ya vitunguu vilivyokatwa nyembamba kama nyuzi, unanyunyiza mchuzi wa soya, halafu unachemsha mafuta hadi yafuke na kuyamwagia juu. Chwaaa! Harufu ile ikamtoa Mama ndani.

Watoto wakakimbilia. Baba Mdogo akaonja, akatafuna kwa uangalifu, akauliza kwa huruma ya kweli: "Huyu samaki ni wa mgonjwa?"

Nilicheka hadi machozi. Mume wangu naye akacheka, akaagiza pilipili iletwe, akamwekea Baba Mdogo mwenyewe kwa mkono wake. Kwa mtu niliyemjua Mwanza, kitendo kile kilikuwa kikubwa kuliko harusi.

Mama hakutaka pilipili. Alichukua kichwa, akakaa nacho pembeni, akakifyonza kimya kimya mpaka mfupa wa mwisho. Mume wangu akamwambia kwamba mezani kwa Wachina kichwa cha samaki huelekezwa kwa mgeni mkubwa kuliko wote. Mama akajifanya hakusikia. Nilimwona akitabasamu.

Tulipokuwa tunarudi tuliwekeana sheria moja tu: neno "hujui kula" limefutwa nyumbani kwetu. "Mie sikipendi" linaruhusiwa, tena ukishaonja vijiko viwili. Ladha hatujapatana mpaka leo. Ijumaa yangu bado ni kuku wa pilipili.

UTAKIPATA WAPI?

Kama wewe ni wa Tarime au Musoma na unatafuta Kikantoni cha mgahawani, utahitaji safari. Jaribu Mwanza kwanza, lakini jiandae kukutana zaidi na Kichina cha njia ya India, ambacho mie nakipigia saluti. Dar es Salaam ndiko kwenye uchaguzi mpana, hasa Masaki, Msasani na Mikocheni, kwenye migahawa ambayo Wachina wenyewe wanakula. Angalia mambo haya:

Kwanza, uliza kama wana samaki mzima wa mvuke. Mgahawa unaojiamini kwa samaki wake hautaogopa swali hilo.

Pili, uliza mpishi anatoka mkoa gani. Akisema Sichuan, tarajia pilipili ya kuwasha na kutia ganzi. Akisema Guangdong au Hong Kong, uko kwa mume wangu.

Tatu, kama mmoja wenu hali nguruwe, semeni mapema. Kwenye dim sum nyama hiyo huingia hata pale ambapo jina la chakula halionyeshi.

Nne, agizeni sahani za katikati, sio kila mtu na yake. Chagua moja wewe, moja yeye, na ya tatu ambayo hakuna anayeijua.

Na kama nauli ya Dar haipo, una ziwa, una mkaa, una sufuria. Chupa ya mchuzi wa soya utaipata supamaketi Mwanza, nayo inakaa muda mrefu.

Mwezi huu tunapanda tena Turwa. Mama ameshapiga simu: tulete sato watatu, wawili wa mvuke, na mmoja wa kukaanga kwa ajili ya Baba Mdogo.